Naomba ushauri: nitajuaje kuku yupi anataga na yupi hatagi?

Habari zenu wafugaji wenzangu. Nafuga matetea 12 chotara nyuma ya nyumba, hapa Morogoro. Mayai yamepungua hadi manne kwa siku, na wote wanang'ang'ania kutagia kiota kimoja cha pembeni, kwa hiyo siwezi kujua yai ni la nani. Chakula nacho kimepanda bei, ila sitaki kuuza kuku anayetaga.

Nimewakagua usiku wakiwa wametulia. Baadhi upanga wa kichwani ni mwekundu, umejaa na una joto; kati ya mifupa ya nyonga vidole vitatu vinapita, na tundu la kutagia ni pana lenye unyevu. Hao sina wasiwasi nao. Wawili upanga umesinyaa na mifupa imebana, lakini wananyonyoka manyoya shingoni, na kuku akibadilisha manyoya husimama kutaga kwa muda. Kuwauza sasa naona ni kuwaonea.

Wanaonichanganya ni wale ambao miguu imepoteza unjano, dalili ya kuku aliyetaga sana, lakini upanga umepauka. Wamechoka au ni minyoo? Na kuna mweusi mmoja anayepotelea kwenye migomba kila asubuhi. Nahisi anataga huko.

Nimesikia unaweza kumpaka kuku rangi ya chakula kwenye tundu la kutagia, yai likatoka na alama. Aliyejaribu anisaidie: inadumu muda gani? Au bora niwatenge mmoja mmoja kuanzia alfajiri?