Re: Vitamini D na sukari ya mpakani

Mama Nasra, Leicester

Assalaam alaykum jamaa, na wakubwa shikamooni.

Baba Nasra kapimwa damu. HbA1c (kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) 44, vitamini D 21. Daktari kasema sukari iko mpakani, yaani imepanda ila bado si kisukari, apunguze tumbo, na hiyo D atamwandikia dawa. Basi juzi kwenye hitima shoga yangu mmoja kanishika mkono: sukari yetu sisi tuliohamia huku yote ni ya kukosa jua, mumewe kameza vitamini D ya nguvu na dawa ya sukari kaiacha. Ananiuzia chupa, uniti 50,000 kila kidonge, ameze kimoja kila siku. Ninunue? Halafu nasikia maganda mengine ya vidonge yana nguruwe.

Da Mwanaidi (wa famasi), Birmingham

Waalaykum salaam dada. Usinunue.

Uniti 50,000 zipo, lakini huandikwa na daktari, kawaida kimoja kwa WIKI kwa wiki sita hivi, kisha mtu anashushwa kwenye dozi ndogo. Kila siku ni sumu ya polepole: kalsiamu inapanda kwenye damu, mtu anatapika, anakojoa ovyo, figo zinaumia. Wa kununua mwenyewe dukani asizidi uniti 4,000 kwa siku.

Kwamba D yake iko chini, hilo kweli, chini ya 25 ni upungufu hasa. Na la jua shoga yako hakukosea. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi jua la Uingereza liko chini mno, ule mwale unaotengeneza vitamini haufiki, hata siku ya kiangazi bandia cha Februari. Kukaa dirishani hakusaidii, kioo kinauzuia. Ngozi yetu nayo inataka jua jingi zaidi. Wamasai na Wahadzabe walipimwa kwao Tanzania, wastani wao ulikuwa 115. Ndiyo maana serikali ya hapa inashauri kila mtu mikrogramu 10 (uniti 400) wakati wa baridi, na sisi weusi tufikirie kumeza mwaka mzima.

Sasa sukari. Wenye D ndogo hupata kisukari zaidi, hilo limeonekana sana, na seli za kongosho zinazotoa insulini zina mahali pa kuipokea vitamini hiyo. Lakini mtu mnene D yake hujificha kwenye mafuta, na anayeshinda ndani hapati jua wala hatembei. Kipi kimeleta kipi? Marekani walijaribu: watu 2,423 wa mpakani kama Baba Nasra, nusu uniti 4,000 kila siku, nusu vidonge vitupu. Baada ya miaka miwili na nusu hivi (matokeo yalitoka 2019) waliopata kisukari ni asilimia 24.2 kwa 26.7. Tofauti ndogo, yaweza kuwa bahati tu. Mwaka 2023 wakaiunganisha na majaribio ya Norwei na Japani, ikaonekana hatari imepungua kama asilimia 15. Si haba. Ila kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza kwa asilimia 58 katika jaribio jingine la Marekani, 2002. Mimi ningeanza na viatu.

Na huyo aliyeacha dawa, tafadhali mwambie arudi kwa daktari wiki hii.

Ganda: omba vidonge vikavu au matone. D3 (aina ya vitamini D) nyingi hutoka kwenye mafuta ya sufi ya kondoo.

Kaka Juma, Minneapolis

Wa Marekani msichanganye namba. Huku D hupimwa kwa kipimo kingine, 21 yetu ni kama 52 ya kwao. Na HbA1c 44 ya Leicester huku ni asilimia 6.2. Maziwa ya huku yametiwa D, ya Uingereza kwa kawaida hayana.

Bi Zuwena, Muscat

Wanangu, huku jua linapasua jabali na wengi wetu D hatuna. Nani atoke? Kutoka eyakondisheni ya nyumba hadi ya gari.

Da Mwanaidi

Shikamoo Bi Zuwena, umenichekesha.

Mama Nasra, nimesahau kubwa. Kwenu au kwao kuna selimundu? Aliyebeba nusu, yaani karithi kwa mzazi mmoja tu, hata kama haumwi, HbA1c yake yaweza kusomeka chini kuliko sukari yenyewe. Wamarekani Weusi wenye hali hiyo walisomeka pungufu kwa kama asilimia 0.3, yaani mtu wa 6.2 huenda ni 6.5, na hapo si mpakani tena.

Mama Nasra

Marahaba kwa wote, Mungu awazidishie. Dada yake mkubwa ana mtoto wa selimundu! Hatukuwahi kumwambia daktari hapa.

Da Mwanaidi

Basi piga simu kesho asubuhi, mwambie daktari hilo kwanza, kisha umwombe kipimo cha sukari ya damu chenyewe, asile kitu tangu usiku. Chai ya maziwa pia hesabu ni kula.