Misumari ya bati! Kwenye mchanga! Halafu eti "itashika mvua ikinyesha"

MauaNaMawe (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule fundi wa pikapu nyeupe, anayejitapa kila saiti kwamba pevingi (matofali ya zege ya kupanga uani) za mabalozi wote kaweka yeye. Leo mchana, mbele ya mwenye nyumba, mbele ya vibarua, mbele ya Mwenyezi Mungu, kachukua reli ya dirisha la kuteleza, kailaza pembeni mwa pevingi na kuiita ukingo wa alumini. Akaipigilia kwa misumari ya bati. Ile yenye kofia! Na hakuipigilia kwenye moramu, ule udongo wa changarawe unaoshindiliwa chini. Kaipigilia kwenye MCHANGA.

Mwenye nyumba kauliza kwa adabu zote, "Fundi, mbona inacheza?" Jamaa kaisukuma kwa kiatu ikarudi mahali pake, akajibu: "Itashika mvua ikinyesha."

ITASHIKA. MVUA. IKINYESHA.

Tangu lini mvua ikashika mchanga? Mvua ndiyo inayouondoa! Maji yanapenya kwenye maungio ya matofali, yanatua juu ya moramu iliyoshindiliwa, hapo hayashuki tena kwa kasi, yanatafuta pa kutokea pembeni. Yakikuta upenyo chini ya ukingo yanatoka na mchanga. Mchanga ukipungua sentimita moja, tofali la pembeni linazama, la pili linalegea, mchanga wa kwenye maungio nao unashuka kuziba pengo. Gari likikata kona hapo, safu nzima inahama. Kazi yote ya ukingo ni kuzuia hilo. Tairi linasukuma matofali kwa ubavu, msukumo unapita tofali hadi tofali mpaka la mwisho, na la mwisho linategemea ukingo. Huyu kalitegemeza kwa misumari ya bati! Mchwa wakipiga chafya upande wa pili wa ukuta, ile pevingi inaingia barabarani.

Kwa kiatu, jamani. Kausukuma ukingo kwa KIATU ukarudi. Ukingo unaorudi kwa kiatu utaondoka kwa mguu wa kuku.

Pimamaji

Picha iko wapi? Uzi wa namna hii bila picha ni kelele tu. Halafu mkuu unamlilia nani? Mwenye nyumba aliomba bei ya chini, kapewa kazi ya bei ya chini. Na usitutishe na reli ya dirisha, aloi yake (aina ya mchanganyiko wa alumini) mara nyingi ni 6063, na kingo nyingi za alumini za kiwandani ni hiyohiyo 6063.

MauaNaMawe

@Pimamaji aloi! Mtu kaambiwa mvua itashika mchanga, wewe unaleta aloi! Aloi hata ikiwa moja, umbo si moja. Reli ya dirisha ni mfereji wenye ukuta wa milimita moja na kidogo, ina vijia vya kupitishia magurudumu, haina mguu wa kulala chini. Ukingo wa pevingi una umbo la L: ubavu mmoja unasimama kushika tofali, mwingine unalala juu ya moramu na una matundu ya vigingi. Huo mguu ndio unaokataa kupinduka. Reli haina mguu, ikisukumwa juu inalala chali. Ndiyo maana ilikuwa inacheza, na ndiyo maana alitumia kiatu!

Mzee wa Engo

Tulieni. Kama kingo za kiwandani hazipatikani, nendeni maduka ya alumini mkaombe engo (alumini yenye umbo la L), si reli. Engo ya inchi 2 kwa 2, unene milimita 3, inafaa kwa tofali la milimita 60. Hesabu yake hii hapa: ukingo unakaa juu ya moramu, si juu ya mchanga. Mchanga wa kulazia ni milimita 25 na tofali ni 60, jumla 85. Engo ya milimita 50 itashika tofali kwa milimita 25 tu, kwa njia ya miguu inatosha. Pa kupita gari mimi nataka ukingo ushike nusu ya tofali au zaidi, kwa hiyo tafuta engo yenye ubavu wa 60 au 65, usimame huo mrefu. Tofali la 80 na gari zito, usihangaike na engo, weka kabistoni (mawe marefu ya zege ya ukingo wa barabara) na zege lake.

Moramu ishindiliwe kupita mwisho wa pevingi kwa sentimita 15 hadi 20. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoiba. Wanashindilia hadi kwenye kamba na kuishia hapo, kisha kigingi kinaingia kwenye udongo wa bustani. Kigingi cha sentimita 25 au 30, nondo ya milimita 10 iliyopigwa zinki, kila sentimita 30 kwenye mstari ulionyooka na kila 20 kwenye kona. Engo moja ya mita 6 inataka vigingi 21. Ua lenye mita 24 za pembeni ni engo 4 na vigingi 84, na uongeze kumi vya akiba kwa sababu vingine vitagonga jiwe na kupinda.

MauaNaMawe

@Mzee wa Engo Mungu akupe maisha marefu. Vigingi 84! Yule kaweka misumari mingapi? Mmoja kila hatua ya mguu wake! Na mguu wake mrefu!

Kiungo cha Tisa

Mzee kasahau joto. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Engo ya mita 6 ikitoka ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa nane, tofauti ya nyuzi 40, inarefuka milimita 5 na nusu. Ukizibananisha kichwa kwa kichwa zitajikunja kama nyoka. Acha milimita 5 kila kiungo, tia kipande cha engo cha sentimita 20 kwa nyuma kama kiunganishi, na kipande hicho kifungwe upande mmoja tu ili upande wa pili uteleze. Tundu la kigingi nalo lisibane. Kigingi cha milimita 10 kipewe tundu lenye upana unaokizidi kidogo na urefu wa 15, likielekea urefu wa engo. Ukikibana kila mahali, joto litanyanyua engo kutoka ardhini na vigingi vyake.

Kwenye kona, pasua mguu unaolala tu, kwa grinda, kila sentimita 10 hadi 15, halafu pinda kwa mkono taratibu. Usiguse ubavu unaosimama. Ukiupasua huo, umetengeneza mlango wa mchanga.

Pimamaji

Mleta uzi anauza engo. Nimeshaelewa. Uzi ni tangazo.

MauaNaMawe

Siuzi engo, siuzi reli, siuzi misumari. Mtu kasema ITASHIKA MVUA IKINYESHA na hapa kuna watu wanamtetea! Na sijamaliza. Mwenye nyumba alipozidi kulalamika, jamaa kaahidi kesho anarudi kumwaga zege juu ya hiyo reli "iwe moja na ardhi". Zege bichi juu ya alumini tupu! Saruji mbichi ni kali, inakula alumini. Utaona vipovu vikitoka, hiyo ni gesi ya haidrojeni, alumini yako inaliwa mbele ya macho. Likikauka kasi inapungua, lakini kila likilowa na kubaki na unyevu kazi inaendelea, na pwani huku kuna chumvi ya kusaidia. Ukilazimika kugusanisha zege na alumini, paka lami ya maji kwanza mara mbili, iache ikauke. Huyo atapaka lami? Huyo aliyetumia kiatu?

BintiFeri

Afadhali nyie mnagombana na misumari. Huku Kigamboni kuna muuza mchanga, naye mnamjua, analeta mchanga wa ufukweni anasema ni wa mto. Ukiuramba una chumvi. Ukiutandika chini ya pevingi, chumvi inapanda na unyevu, tofali linatoa ungaunga mweupe, na alumini inapata vitundu vidogovidogo kuanzia chini usikoona. Mchanga wa kulazia uwe mkali, wa mto, uliochekechwa, usio na udongo. Tia kiganja kwenye chupa ya maji safi, tikisa, acha saa moja: tope likikaa juu ya mchanga kwa unene unaoonekana, rudisha lori. Halafu kwa walio karibu na bahari, nondo tupu ikigusana na alumini, inayoliwa ni alumini kuzunguka tundu, si nondo. Zinki ni lazima. Mkitumia vigingi vya chuma kisichoshika kutu, wekeni washa ya plastiki kati yake na engo. Shaba isikaribie kabisa, hata waya wa ardhi wa umeme.

Mkazi wa Kitengela

Huku Kenya pevingi sisi tunaita kabro na shida yetu hata haiko kwa ukingo. Iko kwa udongo mweusi. Contrakta wetu fulani, wote wa estate wanamjua, amemwaga moramu kiduchu juu ya udongo mweusi akapanga kabro siku hiyohiyo. Udongo ule ukinyeshewa unafura, ukikauka unapasuka. Hapo uweke alumini, uweke dhahabu, vyote vitapanda na kushuka pamoja. Chimba, toa huo udongo wote kama ni wa kina kifupi, au angalau sentimita 30, rudisha mawe na moramu kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu wa kiasi. Ukifinya moramu mkononi lishikane bila kutoa maji. Mtu akishindilia moramu kavu, vumbi tu, hiyo ni densi.

KokotoNyeusi

@Mkazi wa Kitengela na tofali zenyewe je? Siku hizi kuna wauzaji wanatoa tofali kwenye kalibu leo, kesho ziko kwenye lori. Zege linataka siku 28 kufikia nguvu zake, na wiki ya kwanza limwagiliwe na kufunikwa. Zile zinazomwagiliwa kwa ulimi zinavunjika pembe hata kabla ya kuguswa na ukingo. Chukueni mbili, zigonganisheni: zikilia kwa sauti kali, sawa, zikilia bubu, ondokeni. Kwaruza uso kwa msumari, ukitoa unga ni upuuzi.

MauaNaMawe

Msumari gani, wa bati? Jamani turudi kwenye mada! KWENYE MCHANGA!

UkokaSugu

Mada imekwenda, mkuu. Mimi nauliza tofauti: nyasi. Ukingo ukae kimo gani ili mashine ya kukata nyasi isiugonge?

Kiungo cha Tisa

Mwisho wa juu wa alumini ukae angalau milimita 10 hadi 15 chini ya uso wa pevingi, udongo uje hadi hapo, nyasi zifunike. Ukibaki juu ya tofali unakata vidole vya watoto na kisu cha mashine kinaupasua. Mguu wa ukingo ukielekea nje, uwe na udongo wa angalau sentimita 4 au 5 juu yake, la sivyo nyasi za hapo zitaungua kiangazi, alumini inapata moto juani.

Pimamaji

Na ukoka unazuiwa na engo ya inchi 2? Ukoka unapita chini.

UkokaSugu

Unapita chini na juu. Una mashina ya ardhini na yanayotambaa, engo ya inchi 2 unaiona kama kizingiti. Kata pembeni kwa jembe bapa kila mwezi wakati wa mvua, hakuna dawa nyingine ya maana.

BintiFeri

Ng'oa ukoka, panda nyasi za pemba. Pemba hutambaa juu ya ardhi tu, unaiona inavyovuka ukingo na unaikata kwa mkasi. Inavumilia kivuli cha mwembe na chumvi ya pwani.

Mzee wa Engo

Pemba ina jani pana, kwa wenye watoto wanaocheza mpira ukoka ni bora, unapona haraka.

Mkazi wa Kitengela

Pemba mnapanda mbegu ama?

BintiFeri

Vipando, si mbegu. Kata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, fukia kifundo kimoja, nafasi sentimita 15 kila upande, mwagilia asubuhi na jioni wiki mbili za kwanza. Udongo wenu mweusi changanyeni na mchanga, wa mto lakini.