Tupeane uzoefu: baiskeli kwenye njia za mlimani, wapi unapita na wapi unashuka?

Mshuka Magamba
Wakuu, heshima kwenu. Nyuzi za baiskeli humu ni nyingi, ila kila nikifungua nakuta bei ya mtumba wa Kijapani au mtu anauliza gia 21 na 27 ipi bora. Leo naomba tuongee sisi tunaopenda zile njia za miguu milimani, zenye mizizi, mawe na ngazi za udongo, ambazo hata mtembea kwa miguu akishuka anashika mti. Swali ni moja: unaamuaje kwamba hapa napita juu ya baiskeli, hapa nashuka nasukuma?

Naanza mimi. Niko Lushoto. Wengi wanajua ile lami ya kushuka Mombo, kilomita 33 hivi za kona, wanadhani ndiyo Usambara. Ile ni ya kukwepa mabasi tu. Utamu uko huku juu, kwenye vinjia vinavyotoka msitu wa Magamba kwenda vijijini, na kule Mambo na Mtae ambako ukisimama ukingoni unaiona nyika ya Mkomazi iko chini kabisa. Sasa vinjia hivyo havikutengenezwa kwa ajili yetu. Ni vya mama anayetoka shamba na tenga la peasi kichwani, na vya watoto wa shule. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza haihusiani na ufundi: nisipoona mbele, natembea. Migomba ikificha kona, nashuka, napiga kengele, nasalimia.

Ya pili ni udongo. Huu mwekundu wetu ukikauka unashika tairi vizuri mno. Ukinyeshewa robo saa tu unajaa kwenye foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Masika mimi napita barabara ya gari. Ukipita kinjia kwenye tope unachora mfereji, mvua inayofuata inaugeuza korongo, na anayeumia ni mwenye shamba la chini.

Haya, karibuni.

Fundi Spoku
Mkuu umegusa penyewe. Mimi fundi na pia napanda, niko Morogoro chini ya Uluguru. Njia ya Morningside, kwenye lile jumba la zamani la Wajerumani, wageni wanaipanda kwa miguu. Sisi tunasukuma kwenda juu ili tushuke, na wala sioni haya kusema tunasukuma.

Wengi ninaowaona wameanguka, kilichowaangusha ni breki kuliko mwendo. Mtu anafika kwenye jiwe, anaogopa, anakamata breki zote kwa vidole vinne. Tairi la mbele likifunga juu ya kokoto, usukani unajigeuza na mtu yuko chini kabla hajajua kilichotokea. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, usiikimbie, ila ibane taratibu na uibane KABLA ya jiwe, pale ardhi ilipotulia. Ukishakuwa juu ya jiwe lenyewe, achia lizunguke. Breki za diski za mafuta zinataka kidole kimoja kila upande, vingine vishike usukani. Za waya kwenye mtumba uliochoka weka viwili.

Halafu mwili. Pedali zilale usawa mmoja, simama, kunja magoti na viwiko, macho yatazame unakotaka kwenda. Mteremko ukikaza, makalio yasogee nyuma ya siti. Lakini msininukuu vibaya, siyo kuning'inia nyuma safari nzima! Tairi la mbele likikosa uzito, kona inakukataa.

Kanyaga Pole
Fundi samahani kwa swali la kitoto, siti unaishusha kiasi gani?

Fundi Spoku
Ukipanda mlima, mguu uwe karibu kunyooka pedali ikiwa chini. Ukishuka, fungua kibano uizamishe mpaka ukichuchumaa isikuguse. Zungushia utepe kwenye bomba la siti pale pa kupandia, usihangaike kupima upya. Wenye nazo wana bomba linaloshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Ukipewa, usikatae.

Upepo wa Ngong
Salamu kutoka Nairobi. Huku tuna shule mbili. Karura ndiyo ya kujifunzia: njia za baiskeli zina alama, makutano yana namba, ukipotea unampigia mwenzako simu unamtajia namba anakuja. Kazi ni kuwachungulia wanaotembea na mbwa.

Ngong Hills ni habari nyingine. Ule mgongo unapanda na kushuka, kilima baada ya kilima, hadi Lamwia kwenye mita 2,460. Njia si nyembamba sana wala mawe si makubwa, ila changarawe zimelala juu ya udongo mgumu na tairi halina cha kung'ata. Juu yake weka upepo. Mitambo ya umeme wa upepo haikuwekwa pale kwa urembo! Unashuka umetulia, unatoka nyuma ya kilima, unapigwa ubavuni na kusukumwa pembeni. Mimi pale nashuka kwa sababu ya upepo, hata kama njia yenyewe naiweza. Nasikiliza nyasi: zikianza kuvuma, mguu mmoja chini.

Na kupanda nako kuna ufundi wake, hakusemwi sana. Kaa kwenye ncha ya siti, shusha kifua, gia nyepesi, kanyaga bila kukatisha. Ukisimama kwenye changarawe tairi la nyuma linazunguka bure.

Chukudu Boy
Mimi niko Goma, muniruhusu niingie na chukudu. Ni mbao, haina pedali wala cheni, magurudumu ni ya mti na mpira wa tairi kuukuu umepigwa misumari. Lakini kama mnaongelea mteremko wenye mawe, jamani! Wale jamaa wanashuka na makaa, viazi, kabichi, mzigo unaowazidi wao wenyewe, na mawe ya huku ni lava ya volkano ya Nyiragongo. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji. Ni jiwe lenye meno.

Breki yao ni kipande cha tairi nyuma, unakikanyaga kwa mguu kinasugua gurudumu. Hakisimamishi chukudu, kinaipunguza tu. Kwa hiyo anayeendesha anachagua mstari wake mapema sana, akiwa bado mbali na jiwe, kwa sababu akifika karibu hana tena la kufanya. Nimeanza kupanda baiskeli ya milima nikitokea huko, na wenzangu wenye breki nzuri wananishangaa ninavyogusa breki kidogo. Ni mazoea ya kuchagua mapema.

Mtanga wa Ughaibuni
Asanteni kaka zangu. Mimi ni mwanamke wa Tanga, naishi Vancouver, Kanada, na ninapanda kwenye milima ya North Shore. Huku njia zimetengenezwa maalumu, kibao kiko mwanzoni: duara la kijani rahisi, mraba wa buluu wastani, almasi nyeusi ngumu, almasi mbili ni za wenye roho ngumu. Kuna madaraja membamba ya mbao juu ya mabonde, na mizizi ya mierezi imekatiza njia kila mahali. Mvua ikinyesha, na hapa inanyesha haswa, mzizi uliolala mshazari unateleza kama samaki. Dawa yake ni kuuvuka ukiwa umenyooka, bila breki, bila kukata kona juu yake.

Kilichonishangaza ni wataalamu wa huku. Wanafika penye ugumu, wanashuka, wanaegesha baiskeli, wanatembea kuangalia. Wanapima kwa macho, wanajadiliana, wengine wanaona leo hapana. Hakuna anayewacheka.

Kichwa Kigumu
Mnaongea kama wastaafu. Ukizoea kushuka utashuka milele. Mimi napita kote.

Mshuka Magamba
Sawa kijana. Ila hapo ulipo ukivunjika mguu nani anakubeba? Kwa dada kuna kikosi cha uokoaji. Mimi huku nabebwa kwenye kitanda cha kamba na vijana walioacha kazi zao za shamba, mpaka barabara ya gari.

Kichwa Kigumu
Hapo umenikamata mzee.

Kanyaga Pole
Na upepo kwenye tairi je? Mimi najaza mpaka ligonge kama jiwe.

Fundi Spoku
Punguza ndugu! Tairi gumu linaruka juu ya kila kokoto. Tairi pana la inchi 2.2 au zaidi, mtu wa uzito wa kawaida, jaribu 25 hadi 30 PSI. Ukishusha sana na una tyubu, ukigonga jiwe rimu inaibana, unakuta matundu mawili yamekaa jirani. Ukiyaona hayo usilaumu mwiba. Beba tyubu, viraka, pampu, kiungo cha cheni, na kile kipande kidogo kinachoshika gia ya nyuma kwenye fremu, ndicho kinachopinda kwanza ukianguka upande wa kulia.

Upepo wa Ngong
Hicho kipande kinapatikana? Kila fremu ina chake.

Fundi Spoku
Dukani ni bahati nasibu. Fungua chako kikiwa kizima, zunguka nacho kwa wauza mitumba, linganisha matundu ya skrubu kwenye fremu chakavu. Ukipata kinachofanana chukua viwili.