Riddick Bowe: hiyo 43-1 yenu msiniletee tena

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Kila ukizuka mjadala wa ngumi za uzito wa juu za miaka ya 90, hakosekani mtu wa kumtaja yule Mmarekani Riddick Bowe na kudakia: "Bowe kapigwa mara moja tu maisha yake yote, kashinda 43, 33 kati ya hizo kwa KO, basi yuko juu ya wote." Halafu watu wanaitikia kama maamuma. Jamani, hayo mapambano mmeyaangalia au mmesoma namba tu?

Mnielewe mapema, mimi si adui wa Bowe. Nilimpenda huyu jamaa kupita kiasi. Pambano lake la Novemba 1992 na Evander Holyfield, bingwa wa dunia wa wakati ule, nililiona Tanga, Ngamiani, kwenye banda la video, kanda imenakiliwa mpaka picha inatetemeka. Bara hatukuwa na televisheni yetu wakati ule, ngumi za Las Vegas zilitufikia wiki kadhaa baadaye. Mjomba wangu alinilipia kiingilio. Yeye alikuwa mtu wa Holyfield, mimi wa Bowe, na tuliwekeana kreti la soda.

Nyie mnaoijua raundi ya 10 ya pambano lile mnajua ninachosema. Bowe anamfumua Holyfield kwa apakati, ngumi ya kutoka chini kwenda juu, hadi mtu miguu haina mawasiliano na kichwa, banda zima tumesimama, halafu kabla raundi haijaisha Holyfield huyo huyo anarudi anamchapa Bowe! Raundi ya 11 Holyfield akaenda chini. Majaji wote watatu wakampa Bowe. Jamaa ana miaka 25, urefu karibu mita 2, kilo 107, ana jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele, kama mwiko wa ugali, na cha ajabu kuliko vyote, anajua kupigana karibu karibu kama mtu mfupi. Warefu wengi ukiwaingia ndani wanakukumbatia. Bowe ukimwingia ndani ndiyo umejipeleka machinjioni. Mjomba alilipa soda yake akasema, "Huyu mtoto miaka kumi hii hakuna wa kumgusa."

Ubingwa ulidumu mwaka mmoja tu! Hata haukutimia, zilibaki siku kadhaa.

Kilichotokea katikati ndicho kinachonitoa povu. Makubaliano yalikuwa wazi: mshindi wa Bowe na Holyfield akutane na mshindi wa Lennox Lewis na Razor Ruddock. Lewis akamaliza kazi yake raundi ya pili pale London. Lewis huyu ndiye aliyemsimamisha Bowe raundi ya pili kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988, akamwachia fedha. Kwa hiyo deni lilikuwepo, na dunia nzima ilikuwa inalisubiri. Bowe akafanya nini? Desemba 1992 akaenda London, kwao Lewis, akauchukua mkanda wa WBC, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, akautumbukiza kwenye pipa la taka mbele ya waandishi wa habari! Wengine humu mnaita ule ujasiri. Ujasiri gani? Mwenye ujasiri angeupeleka ule mkanda ulingoni akamwambia Lewis njoo uchukue. Mvutano ulikuwa wa mgawo wa pesa, najua, na Rock Newman, meneja wake, alikuwa mtu wa maneno mengi. Lakini mkono ulioshika mkanda juu ya pipa ulikuwa wa Bowe.

Baada ya kumkwepa Lewis akatuletea nani? Februari 1993, Michael Dokes, bingwa wa zamani ambaye wakati huo ni kivuli chake mwenyewe. Halikufika raundi ya pili. Mei, Jesse Ferguson. Raundi ya pili, sekunde chache, kwisha. Hao wawili nao wamo ndani ya 43 mnayoipigia kelele.

Na katikati ya hapo, chakula. Wakuu, mtoto wa 12 kati ya 13, kakulia Brownsville, Brooklyn, mtaa uleule uliomtoa Mike Tyson. Simlaumu mtu aliyelala njaa akipata akila. Lakini ulikuwa na kocha Eddie Futch kwenye kona yako! Mzee aliyemkalisha Joe Frazier kwenye kiti, dhidi ya Muhammad Ali, Manila mwaka 1975 akakataa asitoke raundi ya mwisho ili asife. Huyu mzee mwanzoni alisita kumchukua Bowe kwa sababu walimwambia ni mvivu. Akamjaribu: akamwambia kesho mimi sitakuwepo, wewe utakimbia mwenyewe alfajiri. Kisha akajificha kuangalia. Bowe akaja anakimbia mlimani peke yake, gizani, hajui kama anaonwa. Hapo ndipo Futch alipomkubali. Sasa niambieni yule kijana wa alfajiri ile alikwenda wapi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alimwaga tembo lote akabaki na kibuyu.

Novemba 1993 akarudi kwa Holyfield akiwa na kilo karibu 112. Kilo tano ndani ya mwaka, na si za misuli. Na msinianzishie habari za yule mwendawazimu wa parashuti aliyeangukia ulingoni raundi ya 7. Ndiyo, pambano lilisimama dakika kama 20. Ndiyo, mke wa Bowe, mjamzito, alizimia na hilo lingemvuruga mwanaume yeyote. Lakini Holyfield naye alisimama dakika zilezile, mwili ukipoa uleule, na yeye ndiye mwenye umri mkubwa. Kadi za majaji zilikuwa jirani sana, jaji mmoja alitoa sare, lakini Bowe akapoteza, na hiyo ndiyo ile 1 ya 43-1. Bowe mwenye mwili wa 1992 asingeziachia kadi zile ziamue.

Naomba niwe mkweli kidogo: 1995 alinirudisha. Alimporomosha Herbie Hide mara kwa mara hadi raundi ya 6, akamzima yule Mkyuba Jorge Luis González, na Novemba akammaliza Holyfield raundi ya 8 baada ya yeye mwenyewe kuangushwa raundi ya 6. Tukasema haya sasa, Lewis. Mjomba akaanza kuhesabu soda.

Kimya.

Julai 1996 tukaletewa Andrew Golota pale Madison Square Garden. Mpolandi ambaye nje ya kwao wachache walimjua. Bowe akaja na kilo 114, uzito ambao hadi siku ile alikuwa hajawahi kupanda nao ulingoni, kwa sababu alimdharau. Alichapwa, wakuu. Alichapwa na mtu aliyekuwa akiongoza kwenye kadi zote tatu, hadi mtu huyo alipoamua kumpiga chini ya mkanda tena na tena akatolewa raundi ya 7. Watu wakavunjiana viti ukumbini. Rekodi inasema nini? Bowe, ushindi.

Futch naye alichoka akaondoka. Fikiria mzee aliyewavumilia mabondia wa kila aina, wewe ndiye unamshinda.

Na hapa sasa hasira yangu inahama kutoka kwa Bowe. Nani aliyesaini pambano la pili? Desemba 1996, Atlantic City, Bowe akiwa ameshakuwa mwepesi kwa kilo lakini mwili umeshakwisha. Akaangushwa raundi ya 2. Akaangushwa tena raundi ya 5. Ngumi safi za kichwa zinaingia moja baada ya nyingine na kona haitupi taulo. Golota, anaongoza tena, akapiga tena chini ya mkanda, akatolewa raundi ya 9. Ushindi mwingine wa Bowe! Baada ya hapo akahojiwa, na yale maneno yalivyokuwa yakimtoka mdomoni yakiburutana... Mimi na banda lote tulikuwa tunamcheka Golota, nilipomsikia Bowe anaongea nikaacha. Mjomba alisema, "Zima." Hakuna aliyezima, lakini tulitoka.

Hayo mapambano mawili ndiyo mnayoyahesabu kama ushindi. Yatoeni muone.

Mengine mnayajua na sitayavuta sana. Mapema 1997 akajiunga na kikosi cha Marines cha Marekani, hakumaliza hata wiki mbili. 1998 akamchukua mkewe na watoto watano kwa nguvu, na wakili wake akajitetea kwa hoja kwamba ubongo ulishaumizwa na ngumi. Alifungwa zaidi ya mwaka. Mke yule na watoto ndio walioumizwa, nisieleweke vibaya. 2005 akatangaza kufilisika. Akarudi kupigana na watu wasio na majina, la mwisho Ujerumani 2008. Na hizo nazo zimo kwenye 43! Kisha 2013, miaka 45, akapelekwa Pattaya, Thailand, kupigana ndondi za mateke. Akapigwa mateke ya mguu, anaanguka, anainuka, anaanguka, hadi raundi ya pili wakasimamisha. Kuna watu walikata tiketi kuangalia hilo.

2015 wakamwingiza kwenye jumba la heshima la ndondi. Sawa, kwa ule usiku wa 1992 na ule wa tatu na Holyfield, sina neno.

Ila Lewis hakupigana naye. Tyson hakupigana naye. Foreman hakupigana naye. Mjomba alifariki 2001, na hadi mwisho lile kreti la pili la soda, la Bowe na Lewis, lilikuwa bado halijanywewa. Mimi nilikuwa nimeweka kwa Bowe.

Kwa hiyo anayetaka kubishana aje na raundi, aseme hapa kafanya hivi, pale kafanya vile. Atakayeanza na namba nampita.