Rockies na ugonjwa wa kukataa kuuza mchezaji akiwa bado ana bei

Wakuu, nimechoka kusoma visingizio, kwa hiyo nafungua uzi.

Colorado Rockies, timu ya besiboli ya Denver, Marekani, wamemaliza msimu wa 2025 na vipigo 119. Mechi ni 162, wameshinda 43 tu. Wamefunga mikimbio 597 na kufungwa 1,021. Hiyo ni tofauti ya mikimbio 424, na tangu mwaka 1900 hakuna timu nyingine ya ligi kuu iliyowahi kufikia shimo hilo. Wala si ajali ya msimu mmoja: 2023 walipigwa mara 103, 2024 mara 101. Misimu mitatu mfululizo ya vipigo zaidi ya 100.

Kila ukiuliza unajibiwa mambo mawili. La kwanza, Denver ni juu mno, mpira unaruka sana. La pili, kocha. Kocha Bud Black walishamfukuza Mei 11, timu ikiwa na ushindi 7 na vipigo 33, siku moja tu baada ya kuchapwa 21-0 na San Diego Padres hapo hapo nyumbani. Warren Schaeffer akachukua timu. Kilichobadilika nini? Kocha anapika kwa unga aliopewa. Mimi nataka tuongelee wanaonunua unga.

Kwa wenzetu waliozoea usajili wa soka: besiboli ya Marekani haina ada ya uhamisho ya mamilioni. Timu hubadilishana wachezaji. Mchezaji akishatimiza miaka sita ya utumishi ligi kuu na mkataba wake ukaisha, anaondoka akiwa huru, na timu yake haipati hata mtu wa kubeba mipira, isipokuwa nafasi ya drafti (uchaguzi wa vijana wapya) kama ilimpa ofa ya mwaka mmoja akaikataa. Kwa hiyo timu mbovu yenye mchezaji mzuri ina kazi moja: kumpeleka kwa timu inayowania ubingwa, ichukue chipukizi wawili watatu. Mwisho wa kufanya hivyo ni mwishoni mwa Julai au siku za kwanza za Agosti, na tangu 2019 ule mlango wa nyuma wa kubadilishana baada ya hapo umefungwa kabisa. Bei ya mchezaji ni kama bei ya samaki mnadani. Alfajiri wanunuzi wanagombania; jua likipanda wanaondoka mmoja mmoja, na wewe unabaki na ndoo yako na nzi.

Rockies wamekaa na ndoo hiyo miaka mitano.

Anza na Februari 2021. Nolan Arenado, mshika besi ya tatu bora kabisa katika ligi, anakwenda St. Louis Cardinals. Rockies wanatoa mchezaji na juu yake wanatoa dola milioni 51. Ukishalipa pesa zote hizo kupunguza mzigo wa mshahara, una haki ya kudai chipukizi wa maana. Ndiyo kanuni: ukibeba mshahara, unapandisha bei. Wao walipata watu watano: Austin Gomber, Elehuris Montero, Mateo Gil, Tony Locey na Jake Sommers. Gomber waliachana naye Agosti 2025. Montero alikwenda Japani. Watatu waliobaki hawajaonekana ligi kuu wakiwa na jezi ya Rockies. Arenado, yeye, 2022 alishika nafasi ya tatu kwenye kura za mchezaji bora wa ligi ya National.

Sawa, tuseme pale alikuwa ametaka kuondoka mwenyewe, hawakuwa na nguvu mezani. Julai ya mwaka huo huo je? Trevor Story mkataba unaisha. Jon Gray mkataba unaisha. Timu haina tumaini lolote. Hawakumuuza Story, hawakumuuza Gray. Story aliondoka kwenda Boston kwa miaka 6 na dola milioni 140, Rockies wakapata nafasi ya 31 ya kuchagua kijana kwenye drafti ya 2022. Wakamchukua Sterlin Thompson, na hadi msimu wa 2025 unaisha alikuwa hajacheza ligi kuu. Hapo ndipo watu wa hesabu za haraka wanapokosea: nafasi ya drafti si sawa na chipukizi aliyeiva. Kijana wa drafti anahitaji miaka mitatu hadi mitano. Mrushaji uliyemtoa ngazi ya Double-A ya timu nyingine (ligi ndogo, ngazi mbili chini ya ligi kuu) anaweza kusimama kilimani kurusha ligi kuu mwakani.

Gray ndiye anayeniuma zaidi. Mrushaji wa kuanza, waliyemlea wenyewe, anayejua kurusha Denver. Hawakumuuza Julai. Novemba hawakumpa hata ile ofa ya mwaka mmoja ambayo angeikataa na wao wakapata nafasi ya drafti. Akasaini Texas, miaka 4, dola milioni 56. Walichopata Rockies: sifuri. Mwaka 2023 aliingia mechi ya tatu ya fainali ya World Series baada ya Max Scherzer kuumia mgongo, akarusha ngwe tatu kati ya tisa za mechi bila kufungwa, Texas wakachukua kombe.

Mwaka 2022, Daniel Bard ni mfungaji mechi, yaani mrushaji wa kumalizia ngwe ya mwisho, anaruhusu wastani wa mikimbio 1.79 tu kwa ngwe tisa, ana miaka 37, mkataba unaisha. Kila timu inayowania kombe hutafuta mfungaji mechi mwezi Julai, na hapo ndipo wanapolipa kwa wazimu. Rockies wakamwongeza mkataba siku chache kabla ya dirisha kufungwa: miaka miwili, dola milioni 19. Msimu wa kwanza wastani ukapanda hadi 4.56, wa pili hakurusha mpira hata mmoja kwa sababu ya majeraha. Simlaumu Bard. Aliumwa, na kurudi kwake kwenye mchezo baada ya miaka mingi ni jambo la kuheshimiwa. Lakini mrushaji wa ngwe ya tisa mwenye miaka 37 kwenye timu iliyo mkiani anamfungia nani mechi?

Sasa niwape kisa kimoja kwa ukaribu, maana kina kila kitu ndani yake.

Julai 11, 2023, mechi ya nyota wote, Seattle. Ngwe ya nane, mdakaji wa Rockies Elías Díaz anampiga Félix Bautista homurani (pigo la kuvusha mpira ukuta) ya mikimbio miwili, ligi ya National wanashinda 3-2, ushindi wao wa kwanza tangu 2012. Díaz anakuwa mchezaji bora wa mechi. Amebakiza mwaka mmoja na nusu wa mkataba wenye mshahara mdogo. Dirisha linafungwa wiki tatu baadaye. Huwezi kupata tangazo la biashara zuri kuliko hilo. Wakamshikilia.

Julai 2024, umebaki mkataba wa miezi miwili. Nafasi ya mwisho. Wakamshikilia tena. Katikati ya Agosti, dirisha limeshafungwa, wakamweka kwenye orodha ya kuachwa, hakuna aliyemchukua, wakamwachia bure. Akaenda kusaini San Diego Padres, timu ya kundi lao wenyewe. Yaani mchezaji wiki mbili kabla alikuwa hauziki kwa sababu ni muhimu, wiki mbili baadaye si muhimu hata wa kubaki. Kama mpango ulikuwa kumwondoa Agosti, mwisho wa Julai simu ilikuwa na kazi gani mezani?

Mrushaji Cal Quantrill msimu huo huo: alianza vizuri, wakamshikilia Julai, akaporomoka, Novemba wakamwachia bila kupata kitu. Ni kisa kile kile, jina tu limebadilika.

Halafu Ryan McMahon. Julai 2024 ni nyota wa timu kwenye mechi ya nyota wote, ana mkataba hadi 2027, ulinzi wake wa besi ya tatu unajulikana. Hapo bei ilikuwa juu. Wakasubiri mwaka mzima. Julai 25, 2025 wakampeleka Yankees akiwa anapiga wastani wa .217 na kukosa mipira kwa wingi. Wakapata warushaji wawili, Griffin Herring na Josh Grosz, wote kutoka A ya juu, maana yake bado wako mbali na ligi kuu. Yankees wakabeba mshahara wote uliobaki, pamoja na dola milioni 16 za 2026 na 16 za 2027. Herring ni kijana mzuri, sipingi. Ninachopinga ni mpangilio: kwa Arenado walitoa milioni 51 wakapata kidogo, kwa McMahon hawakutoa kitu wakapata kidogo. Kama wangelipa nusu ya hizo 32, wangekuwa na sauti ya kudai mrushaji wa Double-A au Triple-A. Dola milioni 16 ni nini kwa klabu iliyompa Kris Bryant milioni 182 kwa miaka saba, mtu aliyecheza mechi 170 katika misimu minne ya kwanza?

Msiniambie hawawezi. Wanaweza, na ushahidi upo. Kwa msimu wa 2023 walimsaini mrushaji Pierce Johnson kwa mwaka mmoja, dola milioni 5. Alikuwa anafungwa wastani wa mikimbio 6.00. Lakini mpira wake wa kupinda ulikuwa mkali, na Atlanta walijua ukishushwa usawa wa kawaida utafanya kazi. Julai 24, wiki nzima kabla ya dirisha kufungwa, Rockies wakamtoa na kupata Victor Vodnik na Tanner Gordon. Vodnik anarusha maili 98 kwa saa na mwaka 2025 alipewa ngwe za mwisho. Mrushaji wa miezi miwili, mwenye takwimu mbovu, ameleta mikono miwili ya ligi kuu. Walipiga simu mapema, hawakusubiri saa ya mwisho, na waliuza kitu ambacho mnunuzi anakijua vizuri kuliko takwimu zinavyosema.

Na hapo ndipo hoja ya Denver inapogeuka dhidi yao. Coors Field iko takriban mita 1,580 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ina uzito wa kama asilimia 82 ya hewa ya pwani. Mpira unaopinda hupinda kwa kushika hewa. Mpira unaopinda sentimeta 40 kule Miami, Denver unapinda kama 33. Mpigaji anaumudu. Chumba cha unyevu cha kuhifadhia mipira, walichoweka 2002, kinapunguza mruko wa mpira lakini hakiongezi hewa. Kwa sababu hiyo warushaji huru wazuri hawaji. Walipojaribu kumnunua mmoja, Mike Hampton kwa dola milioni 121 mwishoni mwa 2000, tunajua kilichotokea: hakufaulu. Basi kama soko la wachezaji huru limefungwa kwako, milango iliyobaki ya kupata warushaji ni drafti na kubadilishana. Timu inayotegemea mlango wa kubadilishana kuliko timu zote ndiyo inayoogopa kuufungua!

Hata hao wanaowachukua, wawachague kwa akili ya Denver. Usilete kijana anayeishi kwa mpira mkubwa wa kupinda polepole. Lete mwenye slaida (aina ya mrusho wa kasi) ngumu inayozunguka kama risasi, kwa sababu hiyo haitegemei sana hewa na tabia yake ni karibu ile ile popote. Lete mwenye sinka (mrusho unaozama) ya kuwafanya wapigaji wapige chini, maana mpira wa ardhini hauruki ukuta hata ukiwa mlimani. Hizi ni data ambazo kila timu inazo kwenye kompyuta siku hizi.

Sasa Bill Schmidt, meneja mkuu aliyesimamia biashara ya wachezaji, ameondoka, na Novemba 2025 ameletwa Paul DePodesta kuisimamia. Mimi simpi pongezi wala lawama bado, namwekea madai. Ifikapo Juni mosi awe na orodha ya kila mchezaji ambaye mkataba unaisha mwaka huo na mwaka unaofuata, na kila jina liwe na bei ya chini iliyoandikwa. Marufuku kumwongeza mkataba mchezaji wa zaidi ya miaka 32 mwezi Julai. Wafungaji mechi na warushaji wa akiba wauzwe wa kwanza, kwa sababu mikono yao huharibika haraka na wanunuzi ni wengi. Na mshahara ubebwe pale unapoleta chipukizi bora, si kama ilivyokuwa kwa Arenado.

Najua nitatukanwa kwa hili la mwisho. Hunter Goodman, mdakaji, homurani 31 mwaka 2025, yuko chini ya timu hadi 2029. Nasema simu zipokelewe. Udakaji unakula magoti, na timu hii haitawania chochote kabla ya 2028 hata mambo yakienda vizuri. Bei yangu ni warushaji wawili wa kuanza walio Double-A au juu yake, wenye slaida ya aina niliyoeleza, pamoja na mshika nafasi wa ndani mmoja. Chini ya hapo, abaki. Mwenye hoja kwamba asiuzwe kwa bei yoyote aiweke hapa, na aeleze kwa nini Goodman wa 2027 hatakuwa Díaz wa 2024.