Kusaini kama "mdhamini" na kusaini kama "shahidi" kuna tofauti gani?

Cherehani_Moro
Habari za jioni wakuu. Naomba mnieleweshe leo hii, maana kesho saa nne asubuhi nasubiriwa ofisini kwa watu.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anachukua mkopo wa 3,000,000 kwenye kampuni moja ya mikopo hapa Morogoro. Anaongeza mtaji wa duka la vipuri vya bodaboda. Kaniambia, "Shemeji, wewe unasaini kama shahidi tu, wanataka mtu anayenifahamu." Nikamwomba anitumie picha ya fomu. Penye jina langu pameandikwa MDHAMINI WA KWANZA. Ukurasa wa pili: "Wadhamini watawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake kulipa deni lote, riba, faini na gharama." Chini kuna jedwali la mali, wameshaandika kwa penseli: cherehani mbili, friji, makochi.

Hizo cherehani ndizo ada ya watoto. Shemeji ni mtu mwema, sijamwona akimdhulumu mtu. Ila sitaki kusaini neno nisilolijua. Mdhamini wa pili ni rafiki yake. Je, likiharibika ni nusu kwangu, nusu kwake?

Afisa Mstaafu Mbeya
Dada, umefanya vizuri kuomba picha ya fomu. Nimekuwa afisa mikopo miaka sita, kwa hiyo nakueleza kitu nilichokifanya kwa mikono yangu.

Shahidi anathibitisha jambo moja tu: nimemwona fulani akisaini mbele yangu. Mkopo ukichacha, akiitwa ataenda kusema hivyo, basi. Hadaiwi hata shilingi. Mdhamini anaahidi kwamba huyu asipolipa, nitalipa mimi. Na kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Watu wanadhani kampuni lazima imalize kwanza mali za mkopaji ndipo imfuate mdhamini. Sivyo. Shemeji yako akikwama, wanaweza kuanza na wewe, hasa kama wewe una anwani ya kudumu na yeye kahama.

Hilo la "kwa pamoja na kila mmoja peke yake" ndilo linaloumiza watu. Siyo nusu kwa nusu. Tuseme limebaki deni la 2,000,000. Kampuni inaweza kukudai wewe 2,000,000 nzima na isimguse yule rafiki. Ukishalipa, sheria inakupa haki ya kumdai shemeji yote uliyolipa, na kumdai mdhamini mwenzako fungu lake. Lakini hapo ni wewe unayehangaika mahakamani, kampuni imeshalipwa na imefunga faili.

Mwaka 2016 nilitumwa kuchukua friji kwa mama mmoja, mdhamini wa jirani yake. Alikuwa anauza barafu na juisi ya ukwaju. Alirudia neno moja tu, "Mwanangu, mimi nilikuwa shahidi." Nikamwonyesha saini yake. Hakujua kusoma vizuri, na aliyemsainisha ni mimi. Sikumweleza, nilikuwa nakimbizana na malengo ya mwezi. Mpaka leo nikiona fomu ya namna hiyo namkumbuka.

Kaka Mkubwa 77
Mambo ya kifamilia msiyapeleke kisheria sana. Leo ukimkatalia shemeji, kesho mumeo akiugua nani atakuja na gari usiku? Msainie.

Hesabu ya Mama
Kaka, undugu ni kitu kikubwa, lakini tuangalie na namba. Dada, riba ni ngapi na inapigwaje?

Cherehani_Moro
Asilimia 3 kwa mwezi, miezi 12. Rejesho 340,000.

Hesabu ya Mama
Basi wanapiga riba kwenye mkopo wa mwanzo mpaka mwisho, hata kama ameshalipa zaidi ya nusu. 90,000 mara 12 ni 1,080,000. Ingekuwa asilimia 3 hiyohiyo kwenye salio linalopungua, rejesho lingekuwa kama 301,400 na riba yote kama 617,000. Neno ni lilelile, "asilimia tatu", na tofauti inazidi 460,000. Wewe unadhamini 4,080,000, siyo 3,000,000, na faini haijaingia humo.

Afisa Mstaafu Mbeya
Kaka Mkubwa, nakuheshimu, lakini hata ndugu anasaidiwa kwa kiasi unachokiweza. Dada, kama unataka kumsaidia, omba wakuandikie ukomo: "mdhamini atawajibika kwa kiasi kisichozidi 500,000." Mkataba wa hivyo unaruhusiwa. Cherehani zikatwe kwenye jedwali kwa kalamu ya wino, msaini wote pembeni ya mkato. Waandike pia kwamba shemeji akiongezewa mkopo bila saini yako, wewe humo haumo. Sheria tayari inamlinda mdhamini pale masharti yanapobadilishwa bila ridhaa yake, ila fomu nyingi zina sentensi ya kukuondolea ulinzi huo, kwa hiyo isome yote. Na wakigusia nyumba mnayoishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Mumeo anajua?

Cherehani_Moro
Hajui. Shemeji aliniomba nisimwambie mpaka mkopo utoke.

Nimerudi. Nimempigia mume wangu, yuko safarini Makambako. Kanyamaza, kisha kasema tusisaini chochote mpaka arudi Jumamosi. Shemeji nimemweleza ukweli: kama shahidi nitakwenda hata kesho, kama mdhamini mwisho wangu ni 500,000 na cherehani hazimo. Kakasirika, simu kakata. Baada ya saa moja kanitumia ujumbe kuuliza huo ukomo unaandikwaje. Afisa, naomba unitungie hiyo sentensi vizuri, niinakili kama ilivyo.

Afisa Mstaafu Mbeya
Naiandika sasa hivi, dada. Nakuwekea na nafasi ya saini ya mumeo.