Darubini ya kwenda nayo Pete: 8x42 au 10x25?

Muuza Viungo: Assalam alaykum. Nataka darubini ya kuangalia ndege. Nimekwama baina ya mbili, 8x42 na ile ndogo ya mfukoni, 10x25. Ndogo ni nusu ya bei na inakuza zaidi. Nichukue ipi?

Bi Mkubwa: Waalaykum salaam. Nusu ya bei gani, mwanangu? Pesa hukutaja. Na unakwenda nayo wapi? Unavaa miwani?

Muuza Viungo: Niwie radhi, bi. Pete, ile njia ya mbao ya mikokoni upande wa msitu wa Jozani, hapa Unguja. Naenda asubuhi na mapema. Miwani navaa.

Fundi Saa: Basi 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8: mwanga unaoingia jichoni una upana wa milimita 5 na kidogo. Gawa 25 kwa 10: 2 na nusu. Chini ya mikoko, na jua halijapanda, hiyo ndogo itakuonesha kiza chenye mabawa.

Mpemba wa Konde: Kwani kwa nini Pete? Panda boti uje msitu wa Ngezi. Pemba tuna ndege wanne wasiopatikana popote pengine: ninga, chozi, bundi na kile kidogo chenye duara jeupe machoni. Nyie mna kima tu.

Bi Mkubwa: Kima punju hao hao mliopelekewa Ngezi kutoka Unguja miaka ya 1970? Kaa kimya, baba.

Mtoto wa Chwaka: Mie nilinunua 20x50 duka moja la mjini. Muuzaji kanitoa barazani, nikasoma bango la mbali, nikalewa. Siku ya kwanza Pete maji yanajaa, mdiria katua kwenye mzizi wa mkoko, mdomo mwekundu kama pilipili. Naweka jichoni, namwona wawili! Nafumba jicho moja, anabaki mmoja, lakini anayumba kama yumo ngalawani, maana ukuzaji ule mkono hauuwezi. Nikarudi kichwa kinagonga. Wiki ya tatu ukungu umeingia ndani ya kioo, unafuta nje haufutiki. Kuirudisha, naambiwa "ushaitumia hiyo". Sasa mwanangu anachezea unahodha.

Fundi Saa: Haikujazwa naitrojeni hiyo, gesi kavu ya kuzuia ukungu ndani. Ulizia isiyoingia maji. Na mwenye miwani aijaribu na miwani yake usoni, asije akaona kiduara tu.

Mpemba wa Konde: Na wende maji yakipwa. Kaa wakitoka matopeni, yangeyange nao hao.

Mtoto wa Chwaka: Wapi! Mdiria maji yakijaa ndiyo anakaa karibu na njia.

Mpemba wa Konde: Huyo uliyemwona wawili?

Bi Mkubwa: Muuza Viungo, bei bado hujasema.

Muuza Viungo: Bi, mama watoto anasoma humu. Mpemba, boti ya Wete inaondoka siku gani?